Riwaya za Vijana, Mzazi Naye Azisome

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Usambara, kuanzia Mombo bondeni hadi Soni, Lushoto na Mlalo, kitabu kina heshima yake. Msahafu huwekwa mahali pa juu, juzuu za madrasa hutunzwa, na vitabu vya shule hununuliwa kwa fedha ya kabichi na viazi. Riwaya za vijana ndizo zisizo na makao. Mtoto akikutwa nayo huulizwa kama amemaliza masomo. Mtu mzima akikutwa nayo huonekana amerudi utotoni. Sisi tunaona kwamba riwaya hizi zina manufaa kwa mtoto na kwa mzazi pia, tena zina ladha isiyoondolewa na umri.

Uislamu haukudharau kisa. Surat Yusuf yatusimulia habari za kijana aliyehusudiwa na ndugu zake akatupwa kisimani, na Mwenyezi Mungu ameyataja masimulizi hayo kuwa ni mazuri kupita yote. Kisa hicho ni haki, na riwaya ni ubunifu wa binadamu. Tofauti hiyo mtoto aifahamu tangu mwanzo. Hata hivyo, aliyezoea kukisikiliza kisa cha Nabii Yusuf (amani iwe juu yake) atamtambua upesi Adili.

Adili ameletwa kwetu na Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, Adili anawatendea wema ndugu zake Hasidi na Mwivu, nao wanamlipa kwa kumtosa baharini. Ndugu hao wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku huku akiwahurumia. Mtoto wa miaka 12 hufurahia majini na maajabu. Mzazi naye hubaki akijiuliza jinsi ya kuishi na ndugu aliyemdhulumu.

Kwa vijana waliokua kidogo ipo Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Nayo yaanzia Tanga. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, anateseka mikononi mwa jamaa, kisha anashika njia kumtafuta baba yake hata Kitale, nchini Kenya. Anayefuatana naye katika safari hiyo hataki kulala kabla ya kuujua mwisho wake.

Milima yetu wenyewe haikukosa kisa cha namna hiyo. Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa upya mwaka 1962. Humo yumo Mbega, aliyeitwa kigego kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Jamaa zake wa Nguu walimnyima urithi, akaondoka, akawa mwindaji hodari, mwisho akawa mtawala wa Vugha. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya watoto, lakini mzazi aweza kukisoma na kuwasimulia.

Adili, Kongowea na Mbega wote wamedhulumiwa na watu wa damu yao. Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Katika vijiji vyetu wamo mayatima wanaolelewa kwa ami au kwa shangazi. Wengi wanapendwa, lakini wamo pia wanaolala na jambo moyoni, kwa maana adabu haimruhusu mtoto kusema kwamba anaonewa na mlezi wake. Kongowea analisema kwa niaba yao. Mlezi akiisoma habari yake kwa makini, huenda akausikia unyonge wa mtoto aliye chini ya paa lake, na akaikumbuka amri ya Surat Adh-Dhuha kwamba yatima asionewe.

Twawashauri basi wazazi, hasa katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, watenge muda mfupi baada ya swala ya Isha, familia ikiwa imekaa penye moto. Mzazi akipitie kwanza kitabu peke yake, ajue kama chafaa kwa umri wa watoto wake. Kisha kisomwe sura moja kwa zamu, na baada yake aulize swali moja tu: ni nani aliyeonewa katika sura hii? Akishauliza anyamaze, awaache watoto waseme.