Ngome Ipi kwa Nauli Ipi? Safari ya Siku Moja kutoka Mukuru kwa Reuben

Mzazi wa Gatoto, Wesinya au Simba Cool hapa Mukuru kwa Reuben anayetaka watoto wake waione ngome ya kale kwa macho yao, badala ya kuisoma tu katika kitabu cha shule, ana njia tatu za maana: Hyrax Hill huko Nakuru, Fort Jesus huko Mombasa, na Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Zote tatu ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na hakuna hata moja isiyostahili kutembelewa. Kinachozitofautisha ni nauli, saa na uchovu.

Hesabu hii ni muhimu kwa mtaa wetu. Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi ulipandishwa hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na wengi wanaoingia viwandani kila asubuhi hulipwa kwa siku, kazi ikipatikana. Nimepiga hesabu kwa nauli za siku za kawaida, nikichukua shilingi 70 kutoka steji ya Reuben hadi katikati ya jiji. Desemba, Pasaka na shule zinapofungwa, nauli za mbali hupanda sana, kwa hiyo chagua wikendi isiyo na sikukuu. Familia ya mfano ni watu wanne: watu wazima wawili na watoto wawili wa kati ya miaka 3 na 11, kila mtu na kiti chake.

Hyrax Hill, Nakuru

Hapa ndipo penye ngome ya kileleni hasa. Juu ya kilima kuna mabaki ya boma la mviringo lililojengwa kwa mawe makubwa yaliyopangwa. Chini yake kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji walioishi Bonde la Ufa kuanzia karibu karne ya 12 au 13. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938. Baadaye mtafiti John Sutton alirudi na kuonyesha kwamba mashimo hayo yalikuwa mazizi: ng'ombe walilazwa ndani usiku, nyumba ikiwa imeungana na zizi, ili mvamizi asiwafikie kwa urahisi. Kuna pia makaburi ya kale zaidi ya hapo, mashimo ya mchezo wa bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na jumba dogo la makavazi. Ukifika kileleni unaliona Ziwa Nakuru bila kulipia kiingilio cha hifadhi ya wanyama.

Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, mwendo wa saa tatu barabara ikiwa wazi. Huna haja ya kufika mjini kwanza: kilima kiko karibu na barabara kuu, kilomita 4 hivi kabla ya mji. Mwambie makanga mapema akushushe hapo, umalizie kwa miguu. Wakati wa kurudi, panda matatu ya kuingia mjini Nakuru ndipo uchukue gari la Nairobi, maana magari yanayopita barabara kuu mara nyingi yamejaa.

Gharama ya mtu mzima mmoja: jiji kwenda na kurudi 140, Nakuru kwenda na kurudi 1,000, matatu ya kuingia Nakuru mjini 50, kiingilio cha raia 100, chakula 200. Jumla ni shilingi 1,490. Familia ya wanne, watoto wakilipa kiingilio cha 50 na mkibeba chapati na chai kutoka nyumbani kwa shilingi 500, itatumia 5,560.

Fort Jesus, Mombasa

Kwa ukubwa na kwa mengi ya kuona, Fort Jesus haina mpinzani nchini. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Historia yake ni nzito: Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, serikali ya kikoloni ikaifanya jela kuanzia 1895, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani mna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697.

Tatizo ni kilomita karibu 480. Njia moja ya kwenda na kurudi bila kulipia chumba ni kulala safarini usiku wa kwenda na wa kurudi, na hapo uamuzi ni kati ya basi na reli.

Mtu mmoja akitumia basi la usiku la takriban shilingi 1,300 kwa mwendo mmoja, atalipa 2,600 za basi, 140 za matatu za Nairobi, 200 za kiingilio na 600 za chakula: jumla 3,540. Basi humshusha alfajiri Mwembe Tayari, na kutoka hapo anaweza kwenda ngomeni kwa miguu. Akitumia reli ya SGR, tiketi ya daraja la kawaida imekuwa 1,500 tangu Januari 2024, yaani 3,000 kwenda na kurudi. Ongeza 200 za kwenda na kurudi stesheni ya Syokimau, 200 za matatu kati ya stesheni ya Miritini na mjini Mombasa, 200 za kiingilio na 600 za chakula: jumla 4,200. Kwa mtu mmoja, basi ni nafuu.

Kwa familia mambo hugeuka. Kwenye basi kila kiti ni nauli kamili, lakini reli humtoza mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu. Basi linafikisha familia yetu 13,960, na reli 13,600. Tofauti ni ndogo, ila garimoshi lina choo na nafasi ya kusimama na kutembea. Treni ya usiku huondoka Nairobi saa nne na kufika Miritini kabla ya mapambazuko, kwa hiyo ni salama zaidi kusubiri ndani ya stesheni mpaka kuche. Tiketi huisha mapema, na bila kitambulisho hupandi.

Thimlich Ohinga, Migori

Kuta hizi zimesimama tangu karibu karne ya 16 bila saruji wala udongo wa kuunganisha mawe, nyingine zikipita urefu wa mita 4. Boma kubwa zaidi linaitwa Kochieng. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018. Lakini ziko kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, ambao wenyewe ni safari ndefu kutoka Nairobi. Basi, matatu ya ndani, bodaboda, chakula na chumba cha usiku mmoja humfikisha mtu mzima zaidi ya 5,500. Ukiwa na jamaa Migori, Homa Bay au Ndhiwa wa kukulaza, gharama hushuka sana, na hapo Thimlich inafaa kuunganishwa na safari ya kwenda nyumbani.

Kabla ya kutoa pesa

Kiingilio cha makavazi hulipwa kupitia eCitizen, si kwa noti langoni. Angalia humo kiwango cha siku hiyo, na uwe na salio kwenye M-Pesa. Kikundi kinachofikiria kukodi matatu ya viti 14 kigawanye bei kwa 14. Ikizidi nauli ya kawaida ya kwenda na kurudi, pandeni gari la abiria. Hyrax Hill inahitaji viatu vya kufunga na maji ya kutosha, na watoto wasikalie kuta wala kusogeza mawe.

Uamuzi

Kwa safari ya siku moja yenye ngome juu ya kilima, Hyrax Hill inashinda waziwazi: kwa familia ya wanne inameza karibu theluthi ya mshahara ule wa chini wa mwezi, na watoto wanalala kitandani mwao usiku huohuo. Safari ya Fort Jesus kwa familia inakula zaidi ya nne kwa tano ya mshahara huo, kwa hiyo iwekewe akiba kwenye chama kwa miezi kadhaa, na mkiwa na watoto wadogo chukueni reli. Kwa wazazi na walimu wa Mukuru, rai yangu ni hii: msidhani historia ni ya watoto wa shule za bei ghali. Ngome hizi zinatunzwa kwa jina la Wakenya wote, na ya karibu zaidi haifikii 1,500 kwa mtu mzima. Anzeni na Nakuru.