Kwenda kwa Mlima, Kurudi kwa Bonde

Leo sisemi paukwa, wajukuu zangu, kwa sababu tunakokwenda kupo na mchanga wake utaingia katika viatu vyenu. Tunakwenda Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, kiasi cha kilomita 10 kutoka mjini. Gari itatupitisha Wawi na uwanja wa ndege, halafu tunashuka. Kwenda tutapita vilimani, kurudi tutapita bondeni. Mtu anayekwenda na kurudi kwa njia moja huona nusu ya Pemba, tena nusu ile ile mara mbili.

Msitafute kibao wala mshale. Vijia hivi vimekatwa na miguu ya watu, kwato za ng'ombe na magurudumu ya gari la ng'ombe. Ukipotea, unauliza, na kuuliza kuna utaratibu wake: unatoa salamu, mkubwa unamwamkia shikamoo, unauliza hali za nyumbani, ndipo unataja Pujini. Ukianza na Pujini utajibiwa, lakini utajibiwa kwa ufupi. Na mzee akikwambieni "hapo tu", mnywe maji kwanza. Hapo tu ya Mpemba ina vilima viwili ndani yake.

Tumechagua mwezi wa Julai, karafuu za mwanzo zikianza kuchumwa na mpunga wa mwisho ukingali bondeni. Nuseni. Harufu inakuja kabla ya mti. Kinachochumwa si ua lililofunguka, ni tumba lake. Ua likishafunguka, karafuu imeharibika. Kwa hiyo mchumaji hana siku za kupoteza: anapanda na kamba, anavuta matawi ya mbali kwa kijiti kilichopinda ncha, anakata vishada kimoja kimoja. Kazi hii imevunja watu viuno na wengine imewaua, kwani tawi la mkarafuu hukatika bila ya kutoa taarifa. Zilizoanguka chini huitwa mpeta, na waokotaji wake tangu zamani ni wanawake na watoto. Usiku nyumba nzima hukaa kuchambua, tumba upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule. Asubuhi zinaanikwa juani juu ya majamvi mpaka ziwe kahawia na ngumu. Wingu likitanda, mtaona bibi mtu mzima anakimbia kuliko nyinyi.

Miti hii si wenyeji wa hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Hilo huelezwa kama bahati. Bahati ya nani? Waliopanda na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Mnapopita chini ya mikarafuu mikongwe, miti inayoweza kuishi miaka mia na zaidi, mkumbuke kwamba hatuyajui majina ya waliochimba mashimo yake.

Sasa tazameni chini ya mti huu. Kuna mihogo, na pembeni migomba. Mihogo ya nani? Msiharakishe kujibu. Kwa desturi ya Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyoubeba ikawa na mwenyewe mwengine. Mtu huomba kulima muhogo au viazi vitamu chini ya miti ya jirani, akavuna akaondoka, na hakuna neno. Lakini akichomeka mche wa mnazi tu, ameanzisha kesi, kwa sababu mnazi haung'oki mwakani, na mwenye mti hudai kuwa ana haki mahali pale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua mashamba na kuwagawia watu eka tatu tatu, na hesabu za nani ana mti gani zikaongezeka. Ndiyo maana nakukatazeni kuokota hata nazi iliyoanguka. Shamba hili linaonekana halina mtu, lakini kila kilichomo kinajulikana na watu watano.

Mnauliza kijiji kiko wapi. Mmo ndani yake tangu kitambo. Nyumba za Pemba vijijini hazikusanyiki pamoja kila mahali. Kiambo kimoja kiko juu ya kilima, chengine nyuma ya migomba, kati yao miti. Kwanza utasikia kuku, kisha kinu, mwisho ndipo utaona paa. Hapo unasimama mbali na kupiga hodi. Usipige hodi huku umeshafika mlangoni.

Angalieni mabadiliko haya, maana watu wengi huyapita bila kuyaona. Vilima vinalala. Mikarafuu inapungua, halafu inakwisha kabisa, na minazi inashika nafasi. Udongo ulikuwa mzito na mwekundu, sasa ni mwepesi, na kila ukipiga teke unagonga jiwe la matumbawe. Hii ni Pemba ya mashariki, uwanda na maweni. Mkarafuu unataka udongo wenye kina; hapa mizizi ingegonga mwamba mapema. Basi mstari ule tulioupita, usio na ukuta wala bendera, ndio uliogawa nani atakuwa na pesa ya karafuu na nani atategemea bahari, mtama na ng'ombe. Karafuu zikiwa nyingi, watu wa huku hufunga vitu vyao wakaenda kuchuma upande wa pili.

Tumefika Pujini, na sasa paukwa inaruhusiwa. Boma hili lililozungukwa na kuta ni la Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15, ambaye jina lake lenyewe linasema aliwakamua wanaume. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijiburura kwa makalio. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, akakigawa kisima kwa ukuta: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwengine akishuka ngazi upande wake. Kisima mtakiona, na ngazi pia. Wake siwezi kukuonesheni. Mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Marekani aliwahi kuchimba hapa, na mahali penyewe panasema wazi kwamba aliyejenga alikuwa na nguvu na alikuwa na khofu. Ngome ya namna hii, iliyojengwa kabla ya Wareno kufika, ni nadra mno katika pwani yetu. Mimi habari za wake wawili naziamini nusu. Habari ya mawe naiamini yote, kwani kuta hazikujijenga.

Tunarudi kwa bonde. Vueni viatu.

Bondeni hatutembei popote, tunapita juu ya tuta tu, mmoja nyuma ya mmoja. Mpunga huu ulisubiri mvua za masika, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, ndiyo maana mabonde yake yanalisha watu. Wale kinamama wanaoinama wanakata suke moja moja kwa kisu kidogo. Kazi ya polepole, lakini suke bichi linaachwa liive, na punje hazimwagiki ovyo. Mzungumzishe mmoja wao na utajua kwamba anao mpunga hapa na kaka yake ana mikarafuu kule juu tulikotoka; mchele huu ndio utakaopikiwa wachumaji.

Na yule mtoto juu ya dungu, mwenye debe na fimbo, anaamia ndege. Anapiga debe, kundi linaruka, linazunguka, linatua pembe nyengine. Tangu alfajiri. Msimcheke. Muulizeni kama anataka kushuka kunywa maji, mmoja wenu akapige debe badala yake, na mtakayempandisha awe na mapafu.

Tukishapanda tena barabarani tutasubiri gari ya kuturudisha mjini kupitia Wawi. Hapo kuna kiwanda kinachopokea yale makonyo, vile vijiti mlivyoviona vimetengwa pembeni kama takataka. Yanachemshwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Aliyewahi kuumwa na jino usiku, bibi yake akamtia pamba yenye mafuta ya karafuu, ladha yake anaikumbuka. Gari ile inakuja. Wazee wakae kwanza, na mwenye mpeta mfukoni azirudishe sasa hivi, nimeona.