Karakana ya Msanii Ikifa, Hubaki Nini?

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumzie nyumba na karakana za wasanii, yaani pale mtu alipoketi akachora, akachonga au akapiga ala. Wengi wetu mijini tukisikia habari ya kuhifadhi tunafikiria magofu ya Kilwa na majumba ya mawe ya Zanzibar. Leo twende mkoani Mara.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kusini ya Seronera, yapo majabali ya Moru. Chini ya jabali moja zimo picha za ngao, zilizochorwa na morani wa Kimasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Si mbali na hapo lipo jiwe kubwa lenye vishimo. Ukiligonga kwa kokoto hulia kama chuma. Kwa lugha ya leo, hiyo ni karakana ya wachoraji na ukumbi wa muziki. Mwaka 1959 Wamasai walihamishiwa Ngorongoro. Mwamba ukabaki, na hifadhi inaulinda. Lakini wachoraji hawapo. Tumebaki na chumba, mwenyewe katoka.

Tukivuka kaskazini hadi Tarime, kwa Wakurya, mambo ni kinyume. Litungu ni ala kubwa ya nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa katika gogo, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Karakana ya fundi haina ukuta. Ni kivuli cha mti, tezo, na ngozi inayokauka juani.

Miaka iliyopita niliketi uani kwa mzee mmoja, nikamtazama akichonga tangu asubuhi. Niliporudi, mzee alikwisha fariki, mti umekatwa, ua umelimwa mahindi. Nikaulizia tezo lake. Mjukuu akanionyesha: lilikuwa likipasulia kuni. Sikuwa na wa kumlaumu. Familia inayotafuta chakula haiwezi kufuga makumbusho.

Sheria nayo humfikia fundi wa namna hiyo kwa shida. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye huhitaji Waziri alitangaze. Sasa nyumba ya miti na udongo itaufikia lini umri huo? Na kivuli cha mti je?

Jirani yao, kule Butiama, makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999. Hilo ni jambo jema, lakini si kila mchonga litungu atajengewa makumbusho, wala hana haja nayo. Karakana ya udongo huhifadhiwa kwa kutumiwa.

Basi maafisa utamaduni wa Tarime na Serengeti waorodheshe mafundi wangali hai. Serikali za vijiji ziutambue ua wa fundi zinapopanga matumizi ya ardhi. Sauti na picha zichukuliwe kazi ikiendelea. Zaidi ya yote, apatikane kijana wa kukaa chini ya ule mti, naye apewe posho ili asikimbilie mjini.

Nyumba ikibomoka hujengwa upya siku yoyote. Mkono uliojua kuchonga ukizikwa bila kumfundisha mwingine, hakuna fundi wa kuujenga. Moru tulichelewa. Tarime bado tuna nafasi.

Tukutane juma lijalo.