Trela Ikianza Kukata Mauno Barabara ya Garissa: Soma Hii Kabla Uagize Ndoano ya Ng'ambo

Ushawahi kuona trela ikikata mauno nyuma ya pikap? Inaenda kushoto, inarudi kulia, dere anapigana na usukani, na kila akirekebisha ndio inazidi. Kwa ile barabara ya Mwingi kuja Garissa, imenyooka mpaka mguu unasahau spidi, hiyo kitu huisha vibaya. Na vile vijana wengi wa Kaskazini Mashariki wanasaka ganji na trela (maji, nyasi, mbuzi wa kupeleka soko), lazima tuongee kuhusu ile ndoano ya Marekani yenye vyuma viwili vya springi, ile inauzwa mtandaoni kama dawa ya kila kitu.

Lakini kwanza, punda.

Kila msee anasukuma maji na mkokoteni wa punda Garissa anajua hii somo bila kusomeshwa. Mitungi ikirundikana nyuma ya ekseli, miti ya mbele inainuka na mikanda inamkaba punda. Ikirundikana mbele sana, mgongo wake unaumia. Kwa hivyo dere wa punda hupanga mzigo uegemee mbele kidogo tu. Trela ya gari inataka hivyo hivyo. Ule uzito unakalia kile kichwa cha duara nyuma ya gari unafaa kuwa kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela, kulingana na kanuni ya Wamarekani. Ukiwa mdogo sana, mkia ndio unaendesha gari. Ukiwa mkubwa sana, gari inachuchumaa nyuma.

Weka namba sasa. Tangi ya lita 1,000 ikijaa ni kilo 1,000, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Trela yenyewe tuseme kilo 250. Jumla 1,250. Kwa ndoano unataka kati ya kilo 125 na 187. Kama kutoka ekseli ya trela hadi ndoano ni mita 3, kusogeza hiyo tangi mbele sentimita 10 pekee kunaongeza kama kilo 33 kwa ndoano. Sentimita 10, buda! Hiyo ni kazi ya spana na nusu saa, na haikugharimu kitu.

Kupima si ngumu. Simama mahali flati. Chukua mbao ngumu, upande mmoja uweke juu ya bomba ya chuma, upande wa pili juu ya mizani ya kawaida ya kupimia watu, kati ya bomba na mizani iwe futi 3. Shusha mdomo wa trela kwa mbao, futi moja kutoka kwa bomba. Namba utasoma, zidisha mara 3. Usisahau kutoa uzito wa mbao yenyewe, na uweke mawe kwa tairi za trela, usikufe ukitafuta usalama.

Sasa hiyo ndoano ya vyuma viwili inafanya nini? Ukiweka kilo 150 kwa ndoano iliyo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari yenye mita 3.1 kati ya tairi za mbele na za nyuma, tairi za mbele zinapoteza kama kilo 58. Nyuma inabeba 208 badala ya 150. Mbele ikiwa nyepesi, usukani unakuwa kama wa gemu ya video. Vile vyuma vinavutwa na cheni, vinafanya kazi kama wenzo, vinarudisha sehemu ya huo uzito mbele na ingine kwa ekseli ya trela. Ile ya kuzuia kuyumba inaongeza msuguano kwa maungio ndio trela isizunguke ovyo.

Inasaidia, si uongo. Lakini haiongezi hata kilo moja kwa kile gari yako imeruhusiwa kuvuta, na haiponyi mzigo uliopangwa vibaya. Halafu vyuma vinauzwa kwa viwango. Chagua vinavyolingana na uzito wako wa ndoano. Vikiwa vigumu kupita kiasi, gari inaruka ruka. Cheki pia umbo la trela: hizo brakoti hufungwa kwa fremu ya herufi A, na trela nyingi za jua kali ziko na mti mmoja tu wa kuvutia. Hapo utakuwa umenunua pambo. Kama trela iko na breki zinazojifunga gari ikipunguza mwendo, uliza kwanza kama hiyo ndoano inakubaliana nazo, kwa sababu zingine huzibana.

Kichwa cha duara nacho ni noma. Kuna cha milimita 50, na kuna cha Marekani kikubwa, karibu 59. Mdomo wa kikubwa ukiuweka juu ya kidogo, unaonekana umeshika. Ukipiga shimo ya kwanza, trela inaenda zake. Cheni za usalama mbili, zipite kwa mkasi chini ya mdomo, hata kama ni safari ya kutoka mtoni hadi mtaani.

Ukiniuliza pesa yako iende wapi kwanza, nitasema breki za trela. Ulaya, trela ikipita kilo 750 lazima iwe na breki zake. Yako ya maji imepita hiyo mbali, na huku ngamia haangalii kushoto na kulia kabla avuke. Pili, tangi yenye kuta za ndani zenye matundu. Tangi nusu ni mbaya kuliko tangi full kwa kuyumba, maji yanakimbia mbele ukifunga breki na yanarudi nyuma ukikanyaga, kwa hivyo ule uzito wa ndoano uliopima jana unabadilika kila sekunde. Tatu ndio hiyo ndoano, kama wewe ni mtu wa lami. Ukitoka lami ukaingia njia za mchanga na makorongo, watengenezaji wengi husema vyuma vitolewe, kwa sababu gari ikishuka kwa shimo vinaweza kupinda au kupasua fremu.

Na ikianza kuyumba tayari? Toa mguu kwa mafuta. Shika usukani wima, usiufukuze mkia. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kama trela iko na breki ya umeme yenye swichi yake, bonyeza hiyo peke yake. Iache ipungue hadi itulie, simama kando, kisha usogeze tangi.