Somo la Fasihi: Watu na Mahali katika Mashairi ya Diwani ya Waturuki

Ninyi mnaosikiliza katika vikundi, karibieni redio, na mwandishi wa kikundi awe tayari na kalamu yake, maana mwisho wa somo nitatoa maswali mawili.

Leo tutazungumza habari za mashairi ya diwani, yaliyotungwa katika Dola ya Waturuki wa Othmani, hasa toka karne ya 15 hata karne ya 19. Neno diwani si geni kwetu. Nasi tunaita diwani mkusanyo wa mashairi ya mtunzi. Waturuki walilipokea kwa Waajemi na Waarabu, pamoja na vipimo vya mashairi na mafumbo mengi.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba watu waliomo ni wachache, nao ni wale wale. Yupo ashiki, anayelia kwa mapenzi. Yupo mpenzi wake, mzuri lakini hana huruma. Yupo mshindani, aitwaye rakip, ambaye kila siku humtangulia ashiki. Kisha wapo wawili wasiopatana kabisa: zahid na rind. Zahid ni mcha Mungu wa nje, mwepesi wa kuonya wenziwe. Rind ni mtu asiyejali sifa za watu. Nguo zake zimechakaa, lakini moyo wake ni safi.

Jambo la pili ni kwamba kila mmoja ana mahali pake. Zahid yuko msikitini au chuoni. Rind yuko meyhane, yaani nyumba ya mvinyo. Mpenzi yuko bustanini, ndiye waridi, na ashiki ni ndege bulbuli anayemwimbia. Bustani ikiwa mbali, ashiki hulala kizingitini pa mpenzi, katika vumbi la njia.

Basi ukisoma shairi la namna hii, uliza kwanza: Msemaji amesimama wapi? Usipouliza hivyo, utamdhania mtunzi kuwa mlevi na adui wa dini. Mtazameni Yahya, aliyefariki mwaka 1644. Katika mashairi yake aliisifu nyumba ya mvinyo, kwa kuwa humo hamna riya, akawaachia wanafiki msikiti wao. Je, alikuwa nani mtu huyu? Alikuwa Sheikhul-Islamu, mkuu wa wanazuoni wa dola nzima, na cheo hicho alikishika mara 3! Hakuwa akiitukana sala. Alikuwa akimsuta mtu anayesali ili aonekane. Kwa masufi, mvinyo ni mapenzi ya Mungu, mwenye nyumba ile ni sheikh anayewaongoza wanafunzi wake, na kulewa ni kujisahau mbele ya Mola.

Kizingiti nacho kina maana zaidi ya moja. Mara nyingi mpenzi huitwa sultani, na ashiki mtumwa wake. Watunzi wengi waliishi kwa fadhili za wakubwa, hivyo walijua maana ya kungoja mlangoni. Bâkî alikuwa mtoto wa mwadhini, na utotoni alijifunza kazi ya kushona matandiko ya farasi. Kwa elimu na ushairi alipanda hata akawa kadhi mkubwa. Fuzûlî, aliyeishi Iraki na kufa mwaka 1556, hakubahatika hivyo. Alipewa ahadi ya malipo ya akçe 9 kwa siku, asizipate, akaandika barua mashuhuri ya malalamiko. Mtu kama huyu akiimba habari za mlango uliofungwa, tusifikiri mapenzi peke yake.

Lakini tusigeuze kila kikombe kuwa fumbo. Nedîm aliimba bustani za kweli, zilizoko Kağıthane, Istanbul, ambako kasri la Sadabad lilijengwa mwaka 1722. Watu walikwenda huko kwa mashua kustarehe, naye alitaja mahali hapo kwa jina. Mwaka 1730 yalitokea maasi. Waziri mkuu aliyemlea Nedîm akauawa, majumba ya bondeni yakaharibiwa, na Nedîm naye akafa mwaka huo huo. Bustani ya waridi na bulbuli haichomwi moto. Ile ya Nedîm iliweza kuharibiwa, nasi tukijua hivyo furaha ya mashairi yake inatugusa zaidi.

Haya, mwandishi, andika maswali. La kwanza: Kwa nini mkuu wa dini alichagua kusema kwa kinywa cha rind? La pili: Katika mashairi yetu, ni watu gani wanaorudi kila mara bila majina, na mahali pao ni wapi? Jadilianeni bila haraka, kila mtu apate nafasi ya kusema.

Kwaherini, wasikilizaji.