Kamba Wadogo na Tangi Jipya

Ijumaa jioni tuliwatia kamba kumi wekundu wa maji baridi katika tangi jipya la kioo. Kufikia Jumatatu alfajiri, watoto waliwakuta wawili tu wakitembea. Maji yalikuwa maangavu, na uangavu huo ndio uliotuhadaa.

Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara machache. Bakteria hao hukaa kwenye changarawe na sifongo la chujio, na mara nyingi huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Tangi letu lilikuwa na siku mbili! Kiumbe tuliyemfungia hana pa kukimbilia. Dhima ilikuwa yetu.

Mara ya pili tulisubiri. Tuliliacha tangi bila kamba, tukitia chembe za chakula ili bakteria wapate riziki, tukapima maji mpaka amonia na nitriti zikafika sifuri. Maji ya bomba tuliyatoa klorini kwanza. Dawa za samaki zenye shaba tuliziweka mbali, kwani hata kiasi kidogo huua kamba. Siku ya kuwahamisha, tuliwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili.

Wiki iliyofuata kitindamimba wetu alitujia akilia: kamba mmoja amekufa, amekuwa mweupe. Kumbe lilikuwa gamba tu. Mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya jiwe. Gamba hatukuliondoa, kwa kuwa kamba hulila wapate madini yake.