Masomo ya simu na macho ya mtoto wako

Mzazi, je, mtoto wako hulalamika kwamba macho yanamwasha na kichwa kinamuuma baada ya masomo ya simu? Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya Korona, simu iligeuka kuwa darasa, na zipo shule ambazo hadi leo hutuma kazi ya nyumbani kwa njia hiyo.

Wengi hudhani kwamba mwanga wa simu ndio unaochoma macho. Sivyo. Simu ni ndogo, kwa hivyo mtoto huisogeza karibu na pua. Akikaza macho husahau kupepesa, nayo hukauka. Akipumzika, maumivu hayo huisha. Linalotisha zaidi ni ugonjwa wa kutoona mbali: jicho hurefuka mtoto anapokua, na likisharefuka halirudi.

Shule inaweza kusaidia sana. Mwalimu apange somo fupi, kisha wanafunzi waache simu na kuandika daftarini. Anaweza pia kutuma sauti yake iliyorekodiwa, mtoto asikilize bila kutazama chochote. Hilo si jambo geni, kwani Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilifundisha kwa redio mwaka huo wa 2020. Kupiga picha kurasa kumi za kitabu na kuzituma si kufundisha, ni kumwumiza mtoto.

Nyumbani, simu ikae angalau sentimita 30 kutoka machoni. Kila baada ya dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho mita 6 au zaidi, hata mwembe wa jirani, kwa sekunde 20. Kisha mwache acheze nje. Huko Guangzhou, China, shule ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wameanza kutoona mbali, ilhali katika shule zisizofanya hivyo walikuwa karibu 40.

Mtoto akifinya macho, akisogelea televisheni au akinakili ubaoni visivyo, usikimbilie kumwita mvivu. Mpeleke kliniki ya macho akapimwe. Usimnunulie miwani kwa wachuuzi, wala usimpe ya nyanyake.